Upande wa Pili wa Godoro

Watu wakimsifu wifi yangu mbele yangu, mimi huongeza sabuni. Nasugua kola ya shati la mtu mpaka karibu itoboke, maana mikono ikikosa kazi mdomo utaipata. "Yule mama ana busara, jamani!" "Wanangu siku hizi hawapigani, wanaongea kama watu wazima!" Haya, nimesikia. Lakini mimi ndiye niliyeolewa na kaka yake. Nimekaa naye ua mmoja miaka thelathini na kitu, na katika hiyo, miaka kumi na minne nimekaa nangoja neno moja tu litoke kinywani mwake. Watoto wa watu aliwafundisha kuambiana pole. Mimi alikuwa ananipita bombani kama anapita ndoo.

Ngojeni niwaeleze, msije mkasema bibi kizee ana kinyongo cha bure. Kinyongo ninacho, ila nimekitolea jasho.

Ua wetu una vyumba tisa, bomba moja katikati, na kamba za nguo zinazopita huku na huku mpaka mgeni akiingia lazima ainame kama anayetafuta sindano. Kamba hizo ni zangu. Mimi ni dobi. Chumba changu na chumba cha wifi vinagawana ukuta mmoja, na ukuta wenyewe mwembamba, akipiga chafya mimi ndiye ninayefuta pua. Wifi ni fundi magodoro. Si haya ya sponji ya madukani, la. Magodoro ya pamba ya sufi, ya kujazwa kwa mkono na kushonwa kwa sindano ndefu kama mkono wa mtoto.

Sasa mwaka ule waliingia kunguni. Waliingia vyumba vyote tisa, watu wakaamka wamechorwa mgongo kama ramani. Asubuhi moja tumepanga foleni bombani, kila mtu anajikuna na kujifanya hajikuni, wifi akatoka kwake amebana kitu kwenye kipande cha gazeti. Akakinyanyua juu. Na sauti ya wifi yangu, Mungu alipokuwa anagawa sauti, yeye alirudi mara mbili.

"Mnamwona huyu? Huyu ametoka kwa dobi! Analeta humu mashuka ya wageni wasiojulikana walikolala, anatulaza na kunguni wa dunia nzima!"

Mimi nina povu mpaka kwenye viwiko. Watu wakanigeukia. Mmoja akacheka. Ukishachekwa na mmoja umekwisha, wengine wanafuata tu. Na mimi nilijibu, sikujibu kwa upole. Nilichojibu tutakifikia.

Wiki hiyohiyo nyumba ya wageni iliyokuwa inanipa mafurushi mawili ya mashuka kila Jumatatu ikanitumia salamu: asante, tumepata dobi mwingine. Watoto wa ua wakaniita Mama Kunguni. Miaka ikapita, watoto wale wakaota ndevu, jina likabaki. Nilikuwa na fahari moja tu duniani, kwamba nguo ikitoka mikononi mwangu unaweza kumfunga nayo mtoto mchanga. Wifi aliichukua asubuhi moja, kabla hata chai haijachemka.

Watu wakaniambia, mavi ya kale hayanuki. Nikawaambia, hayamnukii aliyeyanya.

Sasa huyu wifi ni mtu wa namna gani? Nitasema, na nitasema haki, maana mtu akiwa mbaya wako si lazima kila kitu chake kiwe kibaya.

Alizaliwa katika karakana ile, chumba cha mwisho karibu na lango. Baba yake, mkwe wangu, alikuwa fundi magodoro. Alikuwa mzee mkali ambaye hata paka alimwamkia. Alitaka kumrithisha kazi mwanawe wa kiume, ambaye ndiye mzee wangu, lakini mzee wangu tangu ujana ni mtu wa kukaa upande unaoambiwa akae. Msichana ndiye aliyeshika. Akiwa na miaka kumi alijua kuchambua sufi mpaka isibaki na punje hata moja. Akaolewa, akakaa huko miaka sita, akarudishwa na sanduku lake kwa sababu hakupata mtoto. Hakulia mbele ya mtu. Alifika asubuhi, mchana alikuwa amekalia kigoda anajaza godoro, anamfokea kaka yake kwamba upande wake umejaa mabonde.

Maana godoro la sufi, jueni hivi, halishonwi na mtu mmoja. Unalijaza, unalisimamisha wima kwenye fremu ya mbao, mmoja anakaa huku na mwingine kule. Wa huku anapitisha sindano, wa kule anaipokea, anavuta uzi, anairudisha palepale karibu, wa huku anafunga kifundo. Vifundo arobaini na nane kwa godoro la watu wawili. Wanaoshona hawaonani. Kila mmoja anamjua mwenzake kwa ncha ya sindano tu. Miaka yote hiyo upande wa pili alikaa mzee wangu.

Halafu macho ya mzee wangu yakaingia utando. Sindano ikawa inatokea huku yeye anaipapasa kule. Wifi akabaki na godoro bila mtu wa upande wa pili. Kuniomba mimi? Tulikuwa hatuongei. Salamu zenyewe zilipita kwa mzee. "Mwambie mkeo kamba yake imening'inia mlangoni kwangu." "Mwambie dada yako mlango wake ndio uliosogea." Mzee wangu masikini, aligeuka barua.

Hapo ndipo yalipoanza haya ya kufundisha. Watu wanasimulia kama alioteshwa. Hakuoteshwa kitu. Alikuwa na godoro la kumaliza siku hiyo.

Binti wa dereva na kijana wa nesi, wote wa ua wetu, umri miaka minane hivi, walipigania ringi ya baiskeli. Mmoja akang'ata sikio, mwingine akararua shati. Mama zao wakatoka kuamua, na kuamua kwenyewe mke wa dereva ana mwiko na nesi ana ndala. Wifi akatoka karakana, akawakamata watoto wote wawili mashati, akawaingiza ndani, akawatupa mmoja upande huu wa godoro, mmoja upande ule.

"Nyamazeni! Mnashona!"

Mimi nilikuwa naanika pale mlangoni. Sikuwa nachungulia. Kamba ilikuwa pale.

Kijana wa nesi akashika sindano, anahema kama ng'ombe. Akasema, "Huyu ni mwizi!" Akataka kuichoma kwa nguvu. Wifi akamshika mkono.

"Ukiipitisha kwa hasira utamtoboa jicho, na mimi sishoni macho. Mwizi anaonekanaje?"

"Ni mwizi tu!"

"Neno mwizi halipiti hapa. Niambie umeona nini. Kwa macho yako."

Mtoto akafikiri. "Nimeona ringi yangu iko mkononi mwake."

"Haya, hilo linapita. Pitisha." Sindano ikapita. Binti wa kule akaishika, akataka kuirudisha na tusi lake. Wifi akamzuia. "Bado. Umesikia amesema nini? Mrudishie kwanza neno lake, ndipo utoe lako."

"Amesema ameona ringi yake mkononi mwangu."

"Ndivyo ulivyosema wewe?"

"Ndiyo," akajibu wa huku, na mimi niliisikia ile ndiyo, ilikuwa imeshapungua moto.

Wakaenda hivyo. Umeona nini, imekuuma wapi, unataka mwenzako afanye nini. Na kabla hujajibu, urudishe ulichosikia. Usiporudisha, sindano hairudi. Kufika kifundo cha ishirini wamegundua kwamba ringi yenyewe ilitupwa na fundi baiskeli, haikuwa ya mtu. Kufika cha thelathini wanacheka nini sijui. Godoro liliisha kabla ya saa kumi, vifundo vya upande mmoja vimepinda kama meno ya mzee, lakini liliisha.

Wifi akaona amepata wasaidizi wa bure. Ndiyo hekima yenyewe hiyo. Kila watoto wawili wakigombana, anawaita. Karakana ikajaa. Wakampa jina, Bibi Sindano. Lakini nitasema haki: kidogo kidogo yule mwanamke aliyekuwa akifoka mpaka njiwa wanahama akaanza kujifunza mwenyewe. Huwezi kukaa siku nzima unawaambia watoto "mwizi halipiti" halafu wewe ukamwita muuza mkaa mwizi. Alijaribu, watoto wakamkamata. "Bibi, umeona nini?" Akameza mate. "Nimeona gunia limejazwa nusu na mawe." "Haya, hilo linapita!"

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani akasikia, akaja na miwani yake. Akaomba Bibi Sindano aende shuleni kila Alhamisi. Wakambebea fremu na godoro, akawa anakaa mbele ya darasa, mwanamke asiyemaliza hata darasa la tano, na walimu wenye vyeti wamesimama nyuma wanaandika. Kisha wakaja watu wazima. Kinyozi na fundi wa kuchomelea vyuma walikuwa hawasalimiani mwaka wa tatu, maduka yao yamebanana. Mke wa kinyozi alichoka, akawaleta wote wawili.

Kinyozi akaanza, "Huyu bwana ni mshenzi."

"Ushenzi haushoneki," wifi akamwambia. "Umeona nini?"

"Nimeona... cheche zake zimedondoka kwenye taulo, mteja yuko kwenye kiti, nusu ya ndevu imenyolewa, akakimbia nayo."

 Upande wa pili ukasikia fundi wa vyuma anajizuia kucheka. "Nimesikia... amesema mteja alikimbia na ndevu nusu." Akashindwa, akacheka mpaka fremu ikatikisika. Na kinyozi naye akacheka. Mwisho wa wiki fundi wa vyuma akamwekea kinyozi bati la kuzuia cheche.

Hivyo vyote niliviona. Na kila nilipoviona, moyo wangu ulikuwa unasema: na mimi je? Mganga hajigangi. Anaenda mpaka shuleni kutafuta ugomvi wa kutibu, na mmoja umekaa ukutani kwake miaka yote, unafua.

Tunaye mjukuu, wa kike, miaka tisa, tunakaa naye. Alhamisi alikuwa anasoma kwa wifi, siku nyingine zote alikuwa ananifundisha mimi. Siku moja kaacha pasi juu ya shati, nikafoka, "Mtoto mzembe wewe!"

"Bibi, mzembe halipiti. Umeona nini?"

"Nimeona utaonja ndala!"

"Ndala sijaiona bado."

"Ngoja nivue!"

"Imekuuma wapi, bibi?"

Nikataka kumkimbiza, goti likakataa. Nikakaa. Nikasema, sijui hata kwa nini, "Imeniuma kwa sababu mwenye shati atasema dobi huyu hafai. Na mimi nimeshasemwa vya kutosha."

Mtoto akanitazama. "Umesema utaambiwa hufai, na umeshasemwa vya kutosha. Nani alikusema?"

Basi nikamwambia. Yote. Nilikosea, au sikukosea, mtasema wenyewe.

Alhamisi iliyofuata, na haya nimeyapata kwa mwalimu mkuu mwenyewe aliyenijia mbio mbio, wifi aliwaambia watoto kila mmoja alete ugomvi wa nyumbani uliokaa muda mrefu. Wakaleta: wa kuku, wa redio, wa nani alale karibu na dirisha. Mjukuu wangu akasimama.

"Mimi bibi yangu mmoja na bibi yangu mwingine hawaongei tangu kabla sijazaliwa."

Wifi akasema, "Hayo ni ya wakubwa, kaa."

"Ulisema ugomvi hauna mkubwa."

Darasa zima likamgeukia wifi.

"Bibi," akasema yule mtoto, taratibu, kwa heshima zote, "siku ile ya kunguni, uliona nini?"

 Mwalimu mkuu ananiambia wifi aliweka sindano chini, akasema, "Leo tumemaliza." Kengele ilikuwa bado nusu saa.

Mchana huohuo napiga pasi, mlango ukatiwa giza. Wifi. Miaka kumi na minne hajakanyaga kizingiti changu. Mzee wangu alikuwa kwenye kiti, akageuza uso huku na huku kama kuku aliyesikia mwewe.

"Wifi," akasema.

Nikaendelea kupiga pasi.

"Wifi, mimi sikuona kunguni akitoka kwako. Nilimwona ukutani kwangu. Nikadhani."

"Haya."

"Kuna jingine." Sauti yake, ile sauti, imekuwa ya mtu anayenong'ona msibani. Akaniambia. Mwaka ule alinunua magunia matano ya sufi kuukuu, ya magodoro ya bweni lililofungwa, akaichanganya na mpya, na wateja anawaambia ni mpya tupu. Miezi minane baada ya kunitukana alifungua gunia la chini. Kunguni walikuwa wamejaa kama dengu. Akayachoma magunia yote nyuma ya ua, mchana kweupe, akasema anachoma takataka. Nikakumbuka moshi ule. Nilirudia kufua kamba nzima kwa sababu ya moshi ule, na nilifua nikiwa Mama Kunguni.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Miaka yote hii."

"Nisamehe, wifi."

Nikaweka pasi kwenye kitako chake, maana nilikuwa nakaribia kuiweka mahali pengine.

"Ulinitukana wapi?"

"Bombani."

"Na hapa ni wapi?"

"Chumbani kwako."

"Basi umepotea njia."

Akashika fremu ya mlango. "Wifi, nikisema hayo uani nani atalala juu ya kazi yangu tena? Jumamosi bwana harusi anakuja kuchukua godoro lake. Shuleni je? Watampeleka mtoto kwa mtu aliyewadanganya? Nina nini kingine mimi? Nina magodoro na hao watoto. Sina kingine."

Mzee wangu akakohoa. "Mama watoto, amekuja mwenyewe..."

"Wewe barua nyamaza, wenyewe wanaongea." Nikamgeukia yule. "Watu watalala wapi sijui. Mimi nimelala kwenye midomo yao miaka kumi na minne na sijafa. Ulinivua nguo mbele ya foleni, huwezi kunivisha gizani. Palepale, asubuhi, kwa sauti ileile. Kama huwezi, nenda, na salamu utazituma kwa mzee kama kawaida."

Akaondoka. Ijumaa nzima sikusikia hata chafya ukutani. Mzee wangu hakula. Nilimwambia ale, njaa yake haitanisaidia.

Jumamosi asubuhi nimekinga maji, foleni imejaa, nasikia kitu kinaburuzwa. Wifi anavuta fremu yake uani, na godoro la bwana harusi limesimama ndani yake, limeshajazwa, halina kifundo hata kimoja. Akaliweka karibu na bomba. Akakaa upande mmoja. Upande wa pili akaweka kigoda kitupu.

"Wifi," akaita. Hapo sauti ilikuwa imerudi, ile iliyogawiwa mara mbili. Madirisha yote yakafunguka. "Nina neno na wewe, na watu hawa walisikia la kwanza, wasikie na la pili. Njoo ukae."

Mimi kushona sijui. Lakini ningekataa, kosa lingekuwa langu. Nikafuta povu, nikakaa. Mbele yangu kitambaa cha mistari, simwoni. Watoto wakachuchumaa kuzunguka, mjukuu wangu mbele kabisa. Bwana harusi mwenyewe akaingia na mkokoteni wa kubebea, akasimama hajui kama ni harusi au kesi.

"Anza wewe," wifi akasema, sindano ikapenya kwangu. "Ni haki yako."

Nikaanza. Enyi watu! Miaka kumi na minne ilikuwa imekaa kwenye pipa, nikafungua bomba lake. Nikasema ya mashuka, nikasema ya jina, nikasema ya yule mama aliyemwondoa mtoto wake asinikalie mapajani. Nikamwita nyoka.

"Bibi, nyoka halipiti," mjukuu akasema.

"Litapita!"

"Bibi."

Nikamtoa nyoka. Nikasema niliona watu wananicheka na yeye anaona wananicheka. Nikasukuma sindano. Na wifi akarudisha. Yote, moja baada ya moja, hakuruka hata mashuka ya Jumatatu. Kusikia maneno yako kwenye kinywa cha aliyekuumiza, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili... mimi sikuwahi kufikiria kwamba hicho ndicho nilichokuwa nakingoja. Nilidhani nangoja alie.

"Ndivyo ulivyosema?" akauliza.

"Ndivyo."

Sindano ikaja tena, polepole. "Na mimi ninalo moja, kabla ya langu kubwa. Siku ile ulinijibu. Ulisema nitakunwa na kunguni maana sina mtoto wa kunikuna. Nilikuwa nimerudishwa kwetu kwa hilo."

Foleni ikatazama chini. Niliwaambia tutakifikia nilichojibu. Ndicho hicho. Na sheria ni sheria, usiporudisha sindano hairudi. 

"Umesema," nikasema, "nilikwambia huna mtoto wa kukukuna."

"Ndivyo."

"Lilikuwa neno baya. Pole."

Sikulisema kwa nguvu. Lakini lilipita, maana kitambaa hakikulizuia.

Hapo ndipo wifi yangu aliposimama. Akatoka nyuma ya godoro, akasimama mbele ya foleni, ukubwa wake wote, akasema. Alisema kwa sauti ya siku ile, hakupunguza. "Kunguni hawakutoka kwa dobi. Walitoka kwenye magunia yangu. Nilinunua sufi kuukuu nikawauzia kama mpya. Niligundua baada ya miezi minane, nikachoma, nikanyamaza. Dobi hakuwa na kosa. Nguo zake zilikuwa safi kuliko mkono wangu. Tangu mwaka ule sijagusa tena sufi kuukuu, lakini ule mwaka niliwadanganya nyote."

 Nesi akapiga paja. "Mimi nilimfukuza paka wangu bure!"

"Kumbe lile godoro langu!" akasema dereva. "Nikadhani ni ngozi yangu!"

Wakacheka wachache, na mmoja, yule mama wa mapajani, akaja akasimama karibu na kigoda changu, akaanza kunikunjia mkono wa gauni uliokuwa umelowa. Nikamwacha aukunje.

Lakini nilikuwa namtazama bwana harusi. Kijana alikuwa amerudisha mkokoteni nyuma hatua mbili. Anaangalia godoro kama linaweza kumng'ata. Na foleni nayo imemwona, na kila mtu anangoja afanye nini, maana atakalofanya yeye ndilo watakalofanya wote. Niliijua ngoja ile. Niliwahi kusimama ndani yake.

Wifi naye alijua. Alisimama mikono chini, hakumwomba.

Ningekaa kimya tu. Hakuna ambaye angenilaumu. Kukaa kimya ilikuwa zamu yangu, na nilikuwa nimeilipia.

"Wewe bwana harusi," nikasema. "Unarudi nyuma kwenda wapi?"

"Bibi, mimi... nasikia habari za wadudu..."

"Umeona mdudu?"

"Sijaona."

"Mimi nimekaa upande huu pua yangu imegusa kitambaa. Nimepapasa sufi kwa ndani, kwenye mdomo ambao haujafungwa bado, ni mpya, inateleza kama manyoya ya kifaranga. Mimi ni dobi. Kwa macho haya nimetafuta madoa ya watu miaka arobaini. Na katika ua huu hakuna anayemtafutia huyu mwanamke kosa kuliko mimi. Lingekuwepo ningekuwa nimeshapiga kelele. Weka mkokoteni hapo, ukae, linashonwa."

Akaweka. Foleni ikapumua. Ndoo zikaanza kugongana tena.

Wifi akarudi kwenye kigoda chake, nyuma ya kitambaa. Sindano haikuja. Nikangoja. Nikagonga fremu.

"Wifi?"

Akavuta pua. "Sikutegemea hilo kwako."

"Hata mimi. Na sijasema nimekusamehe. Nitasema nikimaliza kufikiri, na mimi nafikiri polepole."

"Sawa."

"Sasa leta sindano, kijana ana harusi. Na futa hayo machozi, unalowesha kitambaa kabla hakijalaliwa."